Waranti ya friji: miaka 10 ni ya kompresa tu

Pole sana dada. Kwa ulivyoeleza, friji lina miezi 14, haligandishi, na duka linataka ulipie gesi na ufundi wakati stika ya mlangoni inasema miaka 10. Hiyo 10 ni ya kompresa (pampu ya nyuma inayosukuma gesi) peke yake. Sehemu nyingine kwa kawaida ni mwaka 1, na wako umeshapita. Hata wakikupa kompresa mpya bure, gesi, kuchomelea mabomba na nauli ya kulibeba kutoka Igoma mara nyingi ni juu yako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo barafu unazouza. Geuza kadi ya waranti usome maandishi madogo. Ukikuta "matumizi ya nyumbani tu", wana sababu ya kukukatalia.

Uharibifu wa umeme nao huwa nje ya waranti. Mama yangu pale Kirumba alinyimwa hivyohivyo: fundi alifungua nyuma, bodi ilikuwa nyeusi upande mmoja, akasema umeme ulipanda. Iliniuma, maana friji gadi (kifaa cha kukinga friji umeme ukipanda) ingemwokoa.

Tafadhali, fundi wa mtaani asiliguse kwanza! Wakikuta limefunguliwa, waranti imekufa. Wakikataa, waambie wakuonyeshe kipengele chenyewe na waandike sababu kwa mhuri. Kama kipengele hakimo kwenye kadi, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ipige picha leo, wino wake unafifia upesi.