Fupisha Kwanza, Ndipo Uunganishe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina majedwali mawili. La kwanza ni la usomaji wa mita za maji: mita 8,000 zilizosomwa kila mwezi kwa miezi 30, jumla mistari 240,000. La pili ni orodha ya wateja, lina namba ya mita, jina na eneo. Natafuta maji yaliyotumika kwa kila eneo. Nilianza na fomula ya VLOOKUP ya Excel, inayotafuta namba kwenye jedwali lingine na kuleta taarifa yake, kompyuta ikaganda. Rafiki yangu akaingiza majedwali yote kwenye hifadhidata, akayaunganisha kwa amri moja na jibu likaja kwa sekunde chache. Lakini sasa mistari ni 243,600, na jumla ya maji imepanda kutoka mita za ujazo 4,812,300 hadi 4,884,660. Maji ya ziada yametoka wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikupongeze kwa kuandika ile jumla kabla hujaunganisha. Wengi hawafanyi hivyo, na ripoti yenye kosa kama lako husainiwa na kupelekwa mbele bila mtu kushtuka.

Maji hayajaongezeka. Kilichoongezeka ni mistari. Chukua 3,600 iliyozidi, igawe kwa 30, unapata 120. Kila mita ina masomo 30, yaani imesomwa mara 30, kwa hiyo orodha yako ya wateja ina mistari 120 ambayo namba yake ya mita imeshaandikwa mahali pengine kwenye orodha hiyohiyo. Huenda mteja alihama na mpya akaandikwa bila wa zamani kufutwa. Huenda jina moja liliandikwa kwa tahajia mbili. Hifadhidata haijui hayo. Ikikuta namba ya mita mara mbili upande wa wateja, inaoanisha kila somo na wateja wote wawili, na masomo 30 yanakuwa 60. Kama namba ingejirudia mara 3 upande mmoja na mara 4 upande mwingine, ungepata mistari 12.

Kuwakamata wateja waliojirudia ni kazi ya dakika moja; amri hii ya hifadhidata huorodhesha kila namba ya mita iliyoandikwa zaidi ya mara moja:

SELECT namba_mita, COUNT(*) FROM wateja GROUP BY namba_mita HAVING COUNT(*) > 1

Usishangae wakizidi 120, kwa sababu kuna kosa la upande wa pili linaloweza kuficha hili. Mita isiyo na mteja kwenye orodha hudondoka kimyakimya wakati wa kuunganisha, hivyo mistari inapungua huku mingine ikiongezeka. Mara nyingi sababu ni ndogo mno kwa macho: nafasi tupu mwishoni mwa namba, au 00457 iliyogeuzwa kuwa 457 kwa kuwa programu iliidhani ni tarakimu ya hesabu. Hili la sifuri liliwahi kunitesa siku tatu. Eneo zima lilitoweka kwenye ripoti yangu, na mimi nikawa natafuta kosa kwenye fomula ilhali lilikuwa kwenye ufunguo, yaani ile namba inayounganisha majedwali. Tangu siku hiyo namba za utambulisho naziingiza kama maandishi.

Tuje kwenye kuganda. VLOOKUP inapotafuta namba kamili kwenye orodha isiyopangwa, kwa kawaida huanza juu na kushuka mstari kwa mstari hadi ikutane nayo. Kwa wateja 8,000, wastani ni hatua 4,000. Zidisha kwa masomo 240,000: ulinganishaji milioni 960. Orodha ikipangwa kwa namba, na utafutaji ukawa wa kukata nusu kwa nusu, hatua 13 zinatosha kwa kila somo, yaani kama milioni 3.1 kwa jumla. Hifadhidata nayo hukwepa kupitia orodha yote kwa kila somo, ndiyo maana ile ya rafiki yako haikutoa jasho. Ila fahamu kwamba VLOOKUP ikipata mteja wa kwanza inaishia hapo, kwa hiyo jumla yako isingepanda na wale 120 usingewaona kamwe. Baadhi ya maji yangeangukia eneo lisilo lake.

Sasa njia ninayokusihi uifuate: usiunganishe mistari 240,000 hata kidogo. Jumlisha kwanza masomo kwa namba ya mita, ubaki na mistari 8,000, mmoja kwa kila mita. Safisha orodha ya wateja hadi kila namba iwe moja. Ndipo uunganishe, kisha ujumlishe kwa eneo. Kila hatua linganisha na 4,812,300. Ikitofautiana hata kwa moja, simama hapohapo.

Tahadhari moja ukitaka wastani badala ya jumla. Ukifupisha kwa hatua, beba jumla na idadi ya masomo, na ugawanye mwishoni kabisa. Eneo lenye masomo 10 ya wastani wa 30, na lingine lenye masomo 90 ya wastani wa 10: ukichukua wastani wa wastani unapata 20. Ukweli ni 1,200 kugawa kwa 100, yaani 12. Kosa hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu linatoa namba inayofanana kabisa na jibu.

SWALI: Mwalimu, faili langu linakua kila wiki. Excel inabeba mistari mingapi?

JIBU: Faili la .xlsx lina mistari 1,048,576 kwa kila karatasi. Lile la zamani la .xls ni 65,536 tu, na hapo ndipo pa kuogopa. Mwaka 2020 Uingereza ilikuta wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye hesabu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kwa sababu faili lilifika ukomo na mistari iliyozidi ikaachwa. Watu waliokutana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Kila unapoingiza data, hesabu mistari ya faili la asili, kisha hesabu iliyoingia. Na kama umeshapita laki tano, hamia kwenye hifadhidata mwezi huu.