Maswali Yenu: "Hakuna Chama Kinachonifaa, Nipige Kura Vipi?"

Tangu IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, irejelee uandikishaji wa wapigakura Septemba 2025, barua mnazoniletea zimekuwa na kilio kimoja: Agosti 10, 2027, siku ya uchaguzi mkuu, inakaribia na hakuna chama kinachomkaa mtu moyoni. Nimechagua chache. Zinazouliza nani atashinda nimezitupa, na nitaendelea kuzitupa.

Nimekuwa ODM tangu nipate kitambulisho. Sasa ODM imo serikalini na UDA ya Rais Ruto, na huo upinzani uliobaki siuamini. Nihamie wapi? (Kitale)

Nani amekwambia lazima uhamie mahali? Mwai Kibaki aliingia Ikulu 2002 kwa NARC, na 2007 akatetea kiti kwa PNU, chama kilichozaliwa miezi michache kabla ya kura. Uhuru Kenyatta alishinda 2013 kwa TNA ndani ya muungano wa Jubilee. 2017 akarudi na Jubilee Party, TNA ikiwa imeshavunjwa. William Ruto alikuwa URP, akawa Jubilee, akashinda 2022 kwa UDA. Tangu KANU, iliyotawala tangu uhuru, ing'olewe, hakuna rais wetu aliyechaguliwa mara mbili kwa chama kilekile. Wenye magari wanabadilisha gari kila safari, nawe abiria unalilia rangi ya kiti.

Hao ODM waliotia saini mkataba na UDA Machi 2025 hawakukuuliza. Raila Odinga, kinara wao, akafariki Oktoba mwaka huohuo, na waliobaki bado wanavutana. Hujasaliti mtu ukiacha kuwangoja.

Mimi ningefanya hivi. Chagua mambo mawili ambayo mwanasiasa akiyakosea humsamehe. Yawe mawili tu. Ukiandika kumi utamkuta kila mtu ana moja la kumtetea. Kisha tazama alifanya nini siku yalipofika mezani. Juni 25, 2024 wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, 106 wakaupinga, na wapo waliokwenda kinyume na vyama vyao. Majina yote yako wazi. Ukijua jina la mbunge wako liliangukia wapi, utakuwa umejua mengi kuliko manifesto yoyote itakayokuambia.

Nikiharibu kura yangu ya urais makusudi, si ujumbe utawafikia? (Nakuru)

Hautafika. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, lakini haya.

Katiba inadai mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kuwa nusu hiyo inahesabiwa kutoka kwa kura halali peke yake, na haijaubadilisha msimamo huo. Sasa piga hesabu. Watu 100 wakipiga kura na wanne wakaziharibu kwa hasira, mshindi hahitaji tena kupita 50. Anahitaji kupita 48. Hasira yenu imemshushia ngazi yuleyule mnayemchukia. India wameweka kabisa nafasi ya "hakuna hata mmoja" kwenye karatasi tangu 2013, lakini kwenye uchaguzi wa bunge mgombea mwenye kura nyingi anashinda vilevile, hata nafasi hiyo ikimzidi.

Kama roho yako imekataa wagombea wote wa urais, iache hiyo moja. Karatasi ni sita, moja kwa kila kiti, na kila moja inahesabiwa kivyake. Kaunti zilitengewa mgao wa Sh415 bilioni mwaka wa fedha wa 2025/26, na bajeti ya kaunti yako haipiti bila MCA, mwakilishi wa wadi yako katika bunge la kaunti, yule ambaye nusu ya wanaoniandikia hawamjui jina. Mnakesha mkibishana kuhusu Ikulu huku zahanati ya wadi haina dawa, kisha mnamlaumu rais kwa zahanati.

Na msiniambie kura moja haina uzito. Uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini, Novemba 2025, uliamuliwa kwa kura zisizofika 500.

Si rahisi nipige suti, chama kimoja kutoka rais hadi MCA? (Eldoret)

Rahisi kwa chama, ndiyo.

Mgombea huru je? Angalau hana bwana. (Voi)

Wewe wa Taita Taveta unajua kuwa inawezekana: Andrew Mwadime alishinda ugavana 2022 bila chama. Meru nako Kawira Mwangaza alishinda vivyo hivyo, kisha MCA wakamtimua mara tatu. Seneti ilimwokoa mara mbili, ya tatu, Agosti 2024, ikamwondoa. Sisemi aling'olewa kwa sababu ya kukosa chama peke yake. Nasema gavana asiye na watu wake bungeni mwa kaunti aingie akijua atamtegemea nani bajeti ikikwama, nawe umuulize hilo kabla ya kumpigia.

Muulize pia amekuwa "huru" tangu lini. Wengi ni watu walionyimwa tikiti. Katiba inasema mbunge aliyechaguliwa kama mgombea huru akijiunga na chama anapoteza kiti, kwa hiyo hawajiungi. Wanakwenda tu Ikulu kunywa chai na kutangaza kuwa "watafanya kazi na serikali".

Wote ni wezi. Mimi nakula pesa za kila mmoja, kisha siku ya kura nalala. (Bodaboda, Kitengela)

Ndugu yangu, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamnasa mpokeaji kama mtoaji. Na nikuonye jambo hukuuliza: atakayekupa pesa "akuwekee" kitambulisho hadi kura ipite hakununui umpigie, ananunua usiende. Umeshamfanyia kazi kwa kulala.

Kwetu aliyepata tikiti ndiye aliyeshinda. Agosti yangu ina maana gani? (Murang'a)

Hatimaye swali la maana. Kwenu Agosti ni kuthibitisha tu. Uchaguzi wenyewe ni mchujo wa ndani ya chama. Mwaka 2022 ulifanywa Aprili, na wengi wenu mlikuwa shambani na kazini mkisema siasa bado. Wakajitokeza waliobebwa kwa malori.

Watu huniambia hawawezi kwenda kwenye mchujo kwa kuwa hawapendi chama hicho. Hujaombwa ukipende. Kama tikiti yake ndiyo itakayokupa mbunge upende usipende, jisajili na uchague aliye afadhali ndani yake. Wakati mwingine hata usajili umeshafanyiwa: mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Angalia jina lako kwa Msajili wa Vyama kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ujiondoe au ubaki kwa hiari yako.

Kisha uliza mapema chama kitatumia njia gani, maana sheria inaruhusu wanachama wote wapige kura au wajumbe wateule wachague. Wakisema wajumbe, uliza hao wajumbe walichaguliwa lini na nani. Wakisema "makubaliano ya wazee", jueni tikiti imeshauzwa.

Naishi Pipeline miaka yote, nimejiandikisha Siaya. Nipige kura kwa nani? (Nairobi)

Kwa MCA ambaye maji taka yake unayaruka kila asubuhi. Nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge unakoishi uhamishe kituo, na ubebe kitambulisho chenyewe. Usingoje mwaka wa uchaguzi. Foleni ya dakika za mwisho unaijua. Siaya utaenda Desemba, kama kawaida.