Eucalyptus citriodora na Corymbia citriodora: ni mti mmoja

Ndugu, pakiti zako mbili za mbegu, moja yenye jina Eucalyptus citriodora na nyingine Corymbia citriodora, hazipingani. Huo ni mkaratusi wa limau wa Queensland, Australia. Mtaalamu wa mimea Hooker aliuita Eucalyptus citriodora mwaka 1848. Mwaka 1995 wataalamu wenzake Hill na Johnson wakauhamishia jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Corymbia. Kwenye kibao cha kitalu andika: Corymbia citriodora (Hook.) K.D.Hill & L.A.S.Johnson. Mabano yanaonyesha aliyeutaja kwanza chini ya jenasi nyingine, kwa hiyo usiyafute. Jenasi ianze kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, na majina hayo mawili yaandikwe kwa herufi za mlazo.

Wauzaji wengi bado wanatumia jina la zamani, nalo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni mbegu zisizo zake. Miche ikishatoa majani, fikicha moja: harufu ya limau ni kali mno. Isiposikika, shuku Corymbia maculata, ndugu yake wa karibu, ingawa baadhi ya miti ya citriodora nayo haina harufu hiyo. Kwa mti mkubwa, tazama gome laini linalobambuka na matunda magumu yenye umbo la mtungi.