Majani ya ua si dawa ya chunjua

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 6 ana chunjua nne kwenye vidole. Muuzaji wa dawa za asili kwenye kituo cha teksi ameniuzia kichupa cha mafuta ya thuja kwa shilingi 30,000. Anasema nimpake, kisha nimtilie matone matano kwenye chai kila asubuhi ili "damu isafishike". Jirani ananicheka, anasema nimetupa pesa, maana mti wa thuja ndio huo tuliopanda kuzunguka nyumba. Nichemshe tu majani anywe. Nimsikilize nani? Na tukiikata hiyo miti, nguzo zake zitafaa banda la kuku? – Mama wa watoto watatu, Jinja

JIBU: Marahaba, mama. Usimsikilize yeyote kati yao. Kichupa hicho kiweke mahali mtoto hafiki, sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Kama ameshakunywa na unamwona anatapika, anasinzia kupita kawaida au anatetemeka, mpeleke hospitali mara moja na kichupa uende nacho. Usimlazimishe kutapika.

Mimi ni mfamasia, na swali hili linanifikia dirishani karibu kila wiki. Kwa hiyo nivumilie nikisema kwa ukali kidogo.

Mafuta halisi ya majani ya thuja, ile ya Amerika Kaskazini, karibu nusu yake au zaidi ni kitu kiitwacho thujoni. Ubongo una breki zake za kuzuia mishipa ya fahamu isifyatuke ovyo. Thujoni inazizuia breki hizo zisifanye kazi, na matokeo yake ni degedege. Watu wazima na watoto wameshapata degedege kwa kunywa mafuta yenye thujoni, na mwili wa mtoto wa miaka 6 hauhitaji mengi. Huyo aliyekuambia matone matano hakupima uzito wa mwanao wala hakuuliza kama ana kifafa. Hata kilichomo ndani ya chupa yake hakijui.

Nikiwabana wauzaji wa aina hii, wananijibu kwamba thuja ni dawa inayotambulika, Wazungu wanaitumia kwa chunjua tangu zamani. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Ni kweli kwamba Samuel Hahnemann, tabibu wa Kijerumani aliyeanzisha homiopathi, yaani tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, aliitia thuja katika dawa zake. Lakini dawa hiyo hutengenezwaje? Unachukua tone moja la maji ya mti, unalichanganya na matone 99 ya pombe au maji. Tone moja la mchanganyiko huo unalitia tena katika matone 99. Chupa ikiandikwa 30C, maana yake kazi hiyo imerudiwa mara 30, na hakuna hata chembe ya mti iliyobaki. Haitamdhuru mtoto, wala haitamtibu. Sasa mtu anasoma mahali kwamba "thuja ni salama kwa watoto", habari inayohusu chupa isiyo na kitu, kisha anakuuzia mafuta yaliyokolea kwa jina hilohilo. Jina ni moja, kimoja ni maji na kingine ni sumu. Nikifikiria wazazi wanaoingia katika mtego huu kwa nia njema, hasira inanipanda.

Jirani yako naye ana kosa lake. Ua unaouona katika nyumba nyingi za Jinja, Entebbe na Kampala mara nyingi si thuja ya dawa. Ni mti wa Asia ya mashariki ambao zamani wataalamu waliuita Thuja orientalis, kisha wakautenga na kuuita Platycladus. Uangalie: vitawi vyake vimesimama wima kama kurasa za kitabu, na vitunda vyake vichanga ni vinene, vya rangi ya kijani-buluu, vina vijipembe. Thuja ya Amerika vitawi vyake hulala, vitunda ni vidogo vyembamba, na ukifikicha jani harufu inakupanda puani papo hapo. Nyumba nyingine wamepanda msaipresi tu. Wote hao mtaani huitwa mwerezi, au thuja, au mti wa Krismasi, na mtu anachemsha bila kujua anachemsha nini. Wachina wana matumizi yao ya majani na mbegu za Platycladus, lakini wao hupima, hukausha, na wengine huyachoma majani kwanza. Hawachumi uani na kumpa mtoto kikombe.

Kuna hadithi nyingine wauzaji wanaipenda, ya "mti wa uzima". Katika majira ya baridi ya 1535 kuingia 1536, mabaharia wa Mfaransa Jacques Cartier walikwama kwenye barafu karibu na mahali palipo Québec leo. Fizi zilioza, 25 wakafa. Wenyeji wakawaonyesha mti wa kuchemsha majani na gome, wakapona. Wengi wanasema ulikuwa thuja, ingawa wapo wanaotaja miti mingine. Hadithi ni ya kweli na mimi naipenda. Lakini waliugua kiseyeye, upungufu wa vitamini C, miezi bila tunda wala mboga mbichi. Jinja mapera yenye vitamini hiyo yanaoza chini ya mti.

Sifa ya haki ya thuja iko kwenye mbao. Ile kubwa ya pwani ya Pasifiki ina kemikali zinazozuia kuvu, kwa hiyo haiozi upesi ingawa ni nyepesi. Wahaida, wenyeji wa pwani hiyo, na majirani zao walichonga mitumbwi mirefu kwa gogo moja, na gome la ndani wakalipondaponda wakafuma nguo na kofia. Ukilijua lubugo letu, nguo ya gome la mti wa mutuba, utaelewa heshima waliyoupa mti huo. Lakini kinachodumu ni kiini cha mti mzee, wala si vijiti vya ua. Vya kwako vitaoza ardhini. Nunua nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa.

Kuhusu chunjua zenyewe: ni virusi, na kwa watoto wengi huondoka zenyewe ndani ya miaka miwili. Zikimsumbua, omba duka la dawa lenye leseni asidi ya salisiliki. Kila jioni loweka kidole katika maji ya uvuguvugu, sugua taratibu, paka mafuta ya mgando pembeni kulinda ngozi isiyo na chunjua, kisha dawa juu ya chunjua peke yake. Inaweza kuchukua hadi wiki 12. Usoni au sehemu za siri usiipake kabisa.

Na hapo kwenye sehemu za siri nina neno kwa wasomaji wengine. Mwaka jana alikuja mwanamke aliyejipaka mafuta haya kwenye masundosundo kwa miezi mitatu, ngozi imeungua, na aliona aibu kwenda kliniki. Aina za HPV, yaani virusi vya chunjua, zinazoleta masundosundo si zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, lakini mtu aliyeambukizwa moja anaweza kuwa na nyingine. Miezi mitatu ya kupaka mafuta ni miezi mitatu bila kupimwa. Mama, kama kati ya watoto wako yupo binti wa miaka 10, chanjo ya HPV anapewa bure katika kituo cha afya cha serikali. Ulizia wiki hii.