Mashuka yataanikwa wapi? Maswali yenu kuhusu ujenzi mpya wa hospitali Kigoma

Tangu niseme hapa kwamba ukarabati wa hospitali si siri ya wahandisi, simu yangu haijatulia. Nimechagua maswali machache, mengine nimeyafupisha. Wengi mnaniita Bibi Mkunga, na sikatai: nimezeekea wodi ya wazazi, na baada ya kustaafu nikaingizwa kwenye kamati mbili za ujenzi.

Shikamoo Bibi. Tumeona watu wakipima na kupigilia vigingi ndani ya eneo la hospitali. Hakuna mkutano ulioitishwa. Nani alipaswa kutuita? (Baba wa watatu, Mwanga)

Marahaba baba. Kwanza jua hiyo hospitali iko chini ya nani, maana hapo ndipo wengi mnapotea, mnakwenda kumfokea diwani kwa jambo ambalo halikupita mezani kwake. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri, na juu yake TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa, kwetu sisi Maweni, tangu mwishoni mwa 2017 iko chini ya Wizara ya Afya. Kama vigingi viko kwenye kituo cha afya, jambo lilipaswa kuanzia mkutano wa mtaa, lipande kamati ya maendeleo ya kata, lifike halmashauri. Baraza la madiwani hukaa hadharani. Nenda ukae nyuma usikilize, ila kuchangia hutaruhusiwa. Kama ni hospitali ya mkoa, bisha hodi kwa mganga mfawidhi, yaani daktari anayeiongoza hospitali, na bodi ya ushauri ya hospitali.

Halafu usione vigingi ukadhani mambo yamekwisha. Mara nyingi ni mpima tu, au watu wanaoangalia udongo. Huo ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuuliza, kwa kuwa kufuta mstari kwenye karatasi ni bure na kubomoa msingi ni fedha. Andikeni barua fupi yenye mambo matatu: mradi ni upi, fedha zinatoka wapi, na ramani ya mpangilio wa majengo tuione wapi. Tajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Nimesikia "haijatufikia" mara nyingi mno kuamini barua isiyo na muhuri.

Kwenye mkutano nilisimama kuuliza kuhusu wodi mpya, nikaambiwa "hayo tuachieni wataalamu". Nilikaa chini kwa aibu. Nilikosea? (Mama Lishe, Ujiji)

Hukukosea, mwanangu. Ngoja nikusimulie.

Kituo kimoja ambacho sitakitaja, nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Siku ya kuoneshwa ramani tulikaa chini ya mwembe, mhandisi ameitandaza juu ya meza ya shule, pembe nne amezikandamiza kwa mawe. Wodi ya wazazi vitanda ishirini, chumba cha kujifungulia, vyoo ndani, njia zenye paa. Kila mtu akatikisa kichwa kukubali. Mfanya usafi wetu, mama wa makamo aliyekuja kutuletea chai, akachungulia, akauliza: "Na mashuka yataanikwa wapi?"

Watu walicheka. Mhandisi naye alicheka, kwa upole lakini. Mimi, niseme ukweli, nilitabasamu pia.

Jengo likafunguliwa, utepe ukakatwa. Vitanda ishirini, kila kimoja mashuka mawili, na wodi ya wazazi mashuka hayakai siku mbili bila kufuliwa. Ndani ya wiki ya kwanza mashuka yalikuwa juu ya uzio, juu ya michongoma, na pale palipokuwa na chuma safi kilichonyooka: kwenye vishikio vya njia ya mteremko ya wagonjwa wasioweza kupanda ngazi. Mzee mmoja mwenye magongo nilimwona akisogeza shuka bichi kwa kiwiko ili apate pa kushika. Kamba za kuanikia zilikuja baada ya miezi, na zikawekwa karibu na kichomea taka kwa sababu nafasi nyingine haikubaki. Moshi ukipinda, unafua upya.

Kwa hiyo Mama Lishe, wewe unajua ndugu wa wagonjwa wanakula wapi, wanapika na nini, wanalala wapi usiku wa mvua. Unajua saa ngapi getini panakuwa hapapitiki. Mhandisi anajua nondo na zege, hayo mwachie. Hakuna chuo kinachomfundisha kwamba mgonjwa mmoja wa Kigoma huja na watu wanne, ndoo mbili na sufuria. Mkutano ujao usiulize "wodi ikoje". Uliza hivi: "Sisi tunaopeleka chakula tutapita wapi, na tutasubiri wapi?" Swali lenye miguu haliambiwi liachiwe wataalamu.

Bibi, sisi tumeambiwa ramani imetoka juu, ni moja kwa nchi nzima. Sasa tunaitwa mkutanoni kuulizwa nini? (Mwalimu, Kasulu)

Ni kweli vituo vya afya vingi hujengwa kwa ramani ya mfano, na si jambo baya. Kumlipa msanifu kila kata kungemaliza fedha kabla ya tofali la kwanza. Ndani ya jengo hamtabadilisha mengi. Lakini ramani ya mfano imechorwa kwenye karatasi tambarare, na Kasulu, mwalimu, unaijua wewe mwenyewe.

Yanayobaki mikononi mwenu ni mengi kuliko mnavyodhani. Jengo likae upande gani wa mteremko, msingi uinuliwe kiasi gani, lango lifunguke barabara ipi. Kutoka chumba cha kujifungulia hadi chumba cha upasuaji ni hatua ngapi, maana mama anayevuja damu anasukumwa kwenye machela, hatembezwi. Kichomea taka kikae upande ambao upepo hauleti moshi wodini. Shimo la kondo lisiwe juu ya kisima. Na maji ya mvua! Nendeni eneo lenyewe mwezi wa tatu wakati inanyesha, na miavuli yenu, mtazame maji yanapita wapi, mpige picha. Picha ya mkondo wa maji katikati ya eneo la wodi hushinda hotuba ya saa nzima.

Mimi natumia kiti cha magurudumu. Njia ya mteremko ipo, lakini bila watu wawili kunisukuma sipandi. Nilalamike wapi? (Kijana, Gungu)

Pole baba. Njia ya namna hiyo imewekwa ili ionekane kwenye picha. Kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita unayopanda, njia iwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, basi njia isipungue mita 5.4. Nenda na kanda ya kupimia, au mtume mtu. Ukikuta mita mbili, umeshapata hoja, na hoja yenye namba haina majibu mengi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Andika kwa mganga mfawidhi, nakala kwa afisa ustawi wa jamii. Na kama jengo jingine liko kwenye karatasi bado, dai uwe kwenye kamati. Usikubali kuwakilishwa na mtu anayetembea.

Tunakuja Kigoma mjini kwa boti kutoka vijiji vya ziwani, Uvinza. Mikutano ya hospitali inafanyika mitaa ya mjini. Sisi je? (Mvuvi)

Umenigusa pabaya, kwa sababu nami nilikuwa nikidhani mtumiaji wa hospitali ni jirani yake. Jirani wa hospitali ya mkoa ana haki ya kulalamikia kelele na vumbi, lakini anayelala pale ni wa mkoa mzima. Sensa ya 2012 ilituhesabu 2,127,930. Ya 2022 ikatukuta 2,470,967. Hao zaidi ya laki tatu na elfu arobaini walioongezeka, mikutano ya mtaa mmoja haiwezi kuwasemea.

Ushauri wangu: wapeleke mkutano mwaloni. Siku boti zinaposhusha watu na dagaa, anayepanga hospitali akae pale asubuhi moja tu na daftari, awaulize wanaoshuka: mgonjwa wenu mara ya mwisho mlimbeba vipi kutoka majini hadi kitandani? Mlilipa bodaboda kiasi gani? Mjamzito alilala wapi akisubiri siku zake? Hapo ndipo mtasikia habari ya nyumba ya mama ngojea, ambayo kwenye mipango ndiyo hukatwa ya kwanza fedha zikipungua. Kwa watu wa ziwani ningeikata mwisho. Ziwa likichafuka, mama mwenye uchungu hasafiri, hata hospitali iwe na vifaa vya dunia nzima.

Na lenyewe ziwa tumeliona tangu 2020 lilivyopanda na kumeza mialo na nyumba. Yeyote atakayewaletea ramani ya zahanati ya kando ya maji, mwonesheni kwa kidole maji yalipofika.

Wodi ya zamani wanataka kuibomoa. Marehemu babu alisema ni ya Mjerumani. Tuitetee? (Mjukuu)

Huku kwetu kila jengo lenye kuta nene ni la Mjerumani. Wabelgiji nao walikuwa hapa kuanzia 1916 hadi 1921, kisha Waingereza hadi uhuru, na wote walijenga. Kaulize nyaraka za halmashauri kwanza.

Mimi nisingeitetea kwa sababu ya umri wake. Ningetazama dari na madirisha. Wodi za zamani zina dari la juu, madirisha yanayotazamana na baraza pana, hewa inaingia huku inatokea kule, na kwa mgonjwa wa kifua kikuu hiyo ni kinga kwake na kwa muuguzi. Nimeona wodi mpya ya dari fupi na vioo visivyofunguka ikisubiri kiyoyozi ambacho umeme ukikatika ni pambo. Kama kuta ni nzima, muulizeni mhandisi gharama za kukarabati zilinganishwe na za kubomoa, mbele yenu.

Ila tazameni paa. Yakiwa yale mabati ya kijivu ya asbesto, vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na huleta saratani miaka mingi baadaye. Yalowanishwe, yafunguliwe mazima bila kukatwa wala kupondwa, na wenye vifaa vya kujikinga. Tafadhali msichukue vipande kwenda kuezekea banda la kuku.

Tunajenga kwa fosi akaunti, yaani wenyewe kwa kamati na mafundi wetu bila mkandarasi. Mjumbe wa kamati ya manunuzi ndiye anayetuuzia mchanga. Ni sawa? (Msomaji, Kibondo)

Si sawa. Ajiuzulu kamati au aache kuuza. Kamati ni tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, ili anayenunua asiwe anayepokea. Anayepokea apime nondo kwa kipimo, asisome karatasi. Ya milimita 10 na ya milimita 12 kwa macho ya jioni ni ndugu.

Mdogo wangu yuko Uingereza, anasema kule hawagusi hospitali bila kuwauliza wananchi. Kwa nini sisi tusiige? (Msomaji, Bangwe)

Ana ukweli. Sheria ya 2006 ya NHS, huduma yao ya afya ya taifa, inataka wananchi washirikishwe huduma zinapopangwa au kubadilishwa. Mweleze pia kwamba serikali yao iliahidi mwaka 2020 hospitali mpya 40 kufikia 2030, na Januari 2025 ikatoa ratiba nyingine ambamo baadhi hazitaanza kujengwa kabla ya 2035. Wao wameulizwa wakachoka, jengo halijaja. Sisi jengo hutukuta hatujaulizwa. Tuige kuuliza, hayo mengine tuwaachie.

Tunachangishwa saruji ya kituo cha afya. Mtendaji anasema asiyetoa asije kutibiwa. (Mjane, Buhigwe)

Hana mamlaka hayo. Mchango hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na hutolewa risiti. Mgonjwa hanyimwi tiba kwa mfuko wa saruji, na wewe kama una mjamzito au mtoto chini ya miaka mitano nyumbani, sera ya afya imewasamehe hata gharama za matibabu. Mwambie mwenyekiti wa kijiji mbele ya watu. Akikaa kimya, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya.

Bibi, mkutano wetu ni Jumamosi na nitakwenda mara ya kwanza. Nifanye nini? (Dada, Kibirizi)

Nenda na swali moja, lisiwe matano. Ukishauliza, usikae. Mwombe mtendaji alisome alivyoliandika kwenye muhtasari; ukisikia "wananchi waliuliza maswali mbalimbali", mwambie aandike lako kwa maneno yako. Kikao kinachofuata kitaanza na yatokanayo, na swali lililoandikwa litasomwa, mtu atalazimika kulijibu.

Na beba kiti chako. Vya ofisi ya mtaa havitoshi.