Nimeulizwa Kwa Nini Mimi ni Mkristo, Nikakosa Jibu

Msomaji anayejiita Binti wa Muheza ameniandikia hivi, kwa ufupi: “Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 24. Baba yangu ni Mwislamu, na marehemu mama alikuwa Mwanglikana. Nililelewa kwa bibi, mzaa mama, nikabatizwa na baadaye nikapata kipaimara. Mama alifariki mwaka jana. Siku ya Idd, mbele ya ndugu wote, baba mkubwa aliniuliza kwa nini kati ya dini zote nimechagua Ukristo, na si dini ya ukoo wa baba yangu. Nilikosa la kusema. Binamu yangu akaingilia, akasema dini zote ni sawa, tuendelee kula. Tangu siku hiyo sijui kama ninakwenda kanisani kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya mama. Je, sababu za kweli zipo, au nimerithi tu? Na nimjibuje baba mkubwa bila kuvunja undugu?”

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Nitakujibu nikiwa Mkristo ninayeamini ninachokisema, na ni haki yako kulijua hilo kabla ya kuyapima maneno yangu.

Nianze na neno la kurithi, kwa kuwa ndilo linalokuumiza. Ni kweli kwamba imani uliipokea kwa mama, kama baba mkubwa alivyoipokea yake kwa wazazi wake. Lakini anayerithi shamba la michungwa hajui mipaka yake ni halali au si halali kwa sababu tu amelirithi. Ni lazima akague hati na kuwauliza majirani. Namna ulivyoipata imani haithibitishi kwamba ni ya kweli, wala haithibitishi kwamba ni ya uongo. Swali la baba mkubwa limekufikisha kwenye kazi ambayo kila aliyebatizwa utotoni anapaswa kuifanya siku moja, yaani kukagua mwenyewe.

Katika ukaguzi huo, usiegemee sababu ambazo wengi wetu huzitanguliza. Watu wa Muheza wanajua kwamba misheni ya Magila ilileta shule na tiba katika karne ya 19, na mimi nashukuru kwa hayo. Lakini shule nzuri haithibitishi kwamba Yesu ni Bwana. Vilevile usiseme kwamba Wakristo ni watu wema kuliko wengine. Mwaka 1994 nchini Rwanda, nchi yenye Wakristo wengi sana, watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata wakitafuta hifadhi waliuawa humohumo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa. Mkristo asiyeweza kulitamka jambo hilo kwa huzuni na bila visingizio hajawa tayari kumweleza mtu mwingine imani yake. Wala usiseme kwamba Yesu huwapa wafuasi wake fedha na afya, kwa maana mama yako alimwamini na aliugua, na wewe unajua hivyo kuliko mimi.

Sababu yangu mimi inasimama juu ya mtu mmoja na tukio moja, na Mtume Paulo mwenyewe aliiweka hapo alipowaandikia Wakorintho kwamba, kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Ninaiheshimu sana sentensi hiyo, kwa sababu mwandishi wake amejifunga nayo: hakusema kwamba mafundisho yatabaki kuwa mazuri hata kama tukio halikutokea. Waraka huo uliandikwa yapata mwaka 55, miaka kama 25 hivi baada ya kusulubiwa, na katika sura ya 15 Paulo anarudia maneno ambayo anasema aliyapokea kutoka kwa waliomtangulia: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akawatokea Kefa, yaani Petro, na wale Thenashara, yaani wanafunzi kumi na wawili, na ndugu zaidi ya 500, ambao wengi wao, asema, walikuwa wangali hai. Kuandika hivyo wakati mashahidi wako hai ni kumruhusu msomaji akawaulize.

Kuhusu kifo chenyewe, hata asiyekuwa Mkristo ameshuhudia. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyewadharau Wakristo, aliandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pontio Pilato wakati wa utawala wa Tiberio. Kuhusu kaburi tupu, Injili zote nne zinasema kwamba wa kwanza kulikuta walikuwa wanawake, ingawa katika jamii ya wakati ule ushahidi wa mwanamke haukupewa uzito sawa na wa mwanamume, na Luka anakiri kwamba mitume wenyewe waliyaona maneno yao kuwa upuuzi. Mtu anayetunga hadithi ili aaminiwe asingeanza na mashahidi ambao wasikilizaji wake watawakataa. Mwangalie pia Yakobo: Injili ya Yohana inasema kwamba ndugu zake Yesu hawakumwamini, lakini baadaye tunamkuta Yakobo, ndugu yake Bwana, akiwa kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Paulo naye alikuwa akiwatesa waumini kabla ya kuwa mmoja wao. Utaambiwa kwamba watu wengi wamekufa kwa ajili ya mambo ya uongo, na ni kweli. Kufa kwa ajili ya imani kunaonyesha unyofu wa mtu tu. Tofauti ni kwamba watu hawa wa kwanza hawakusema wamesimuliwa. Walisema wamemwona.

Hapa ndipo ninapotofautiana na binamu yako, ingawa alitaka amani. Uislamu unamheshimu Isa bin Maryamu kwa dhati. Kurani ina sura nzima yenye jina la Maryamu, na inafundisha kwamba alimzaa akiwa bikira. Lakini katika Sura An-Nisaa, aya ya 157, Kurani inasema kwamba hawakumuua wala hawakumsulubu. Ama alikufa msalabani au hakufa, na kusema kwamba dini zote ni sawa ni kutomsikiliza baba mkubwa na kutomsikiliza mama yako pia. Tena uelewe kwa nini jambo hili ni zito kwa Mwislamu: anaona haiwezekani Mwenyezi Mungu amwache mjumbe wake mikononi mwa maadui, afe kifo cha aibu. Hoja hiyo inatokana na heshima, nawe uijibu kwa heshima.

Jibu langu ni kwamba katika aibu ileile ndipo ninapomwona Mungu ambaye sikuweza kumbuni mwenyewe. Moyo wangu ungependa Mungu anayenipokea baada ya kuzipima swala, sadaka na mwenendo wangu, na kuniona nimetosha. Nami najua kwamba sijatosha. Waraka kwa Waefeso unasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, “wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu.” Yupo anayeniambia kwamba deni limelipwa kabla sijaanza kuwa mwema, na kwamba wema wangu ni shukrani.

Nawe umefiwa, kwa hiyo nitasema jambo moja zaidi. Katika Yohana sura ya 11, Yesu anakwenda kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro akijua kwamba atamfufua, na bado analia machozi. Pengine baadhi ya ndugu wamekuambia kwamba marehemu anadai tambiko ndipo apumzike. Mama yako hakukuacha na deni la namna hiyo. Unaruhusiwa kumlilia mbele ya Mungu ambaye naye alilia msibani. Ikiwa kwa sasa unakwenda ibadani kwa sababu ndiko ulikokuwa ukikaa naye, nenda bila kujilaumu. Upendo wa mama umewafikisha wengi mlangoni. Kuingia ndani ndiko kutakuwa kwako mwenyewe.

Sasa baba mkubwa. Usimjibu mbele ya watu, wala usijifunze lugha ya mihadhara ya mitaani, ambako kila upande huja kumshinda mwenzake na kumkejeli. Nenda kwake siku ya kawaida, umwamkie, na umweleze kwamba swali lake lilikuwa jema na ulihitaji muda. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba unaamini Yesu alikufa na kufufuka, na kwa nini. Kisha muulize naye sababu zake, na umsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Petro anaagiza tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, “lakini kwa upole na kwa hofu,” na nusu ya pili ya agizo hilo husahauliwa mno. Usimseme vibaya Mtume wake. Akikasirika, nyamaza, na Idd ijayo nenda kama kawaida ukasaidie kupika. Ukristo wako haukuondoi katika ukoo wa baba yako. Wala hakuna anayepaswa kukulazimisha, yeye wala mimi: ibara ya 19 ya Katiba yetu ya Tanzania inalinda uhuru wa kila mtu wa kuamini, na hata wa kubadilisha dini yake.

Lakini usiende kwake kabla hujasoma. Anza na Injili ya Luka yote, kidogo kidogo, halafu 1 Wakorintho 15, na ukutane na padri wa mtaa wako umweleze mashaka yako bila kuyapamba. Mahali utakapokwama, paandike, kisha uniandikie tena.