Harusi ya Andal na Vishnu ni ndoto
Varanam Ayiram, shairi la Kitamil kutoka kusini mwa India, halielezi harusi iliyokwishafanyika, bali ndoto ya harusi, na anayelisema hilo ni mshairi mwenyewe, kwani beti 10 kati ya 11 humalizikia kwa maneno ya kumwambia rafiki yake wa kike kwamba hayo aliyaona ndotoni. Mtunzi ni Andal, mwanamke pekee miongoni mwa Alvar 12, washairi wa Kitamil waliomwimbia Vishnu, mungu wa Kihindu, na beti hizo zimo katika Nachiyar Tirumozhi, diwani yake yenye beti 143. Bwana harusi, yaani Vishnu, anawasili akizungukwa na ndovu elfu moja. Baada ya fahari hiyo yote, yanayofuata ni mambo ambayo bibi harusi yeyote wa Kitamil angeyatambua: mkono kushikwa, moto kuzungukwa, mguu kuwekwa juu ya jiwe, bisi za mpunga kutiwa motoni. Ndiyo maana Waishnava (waumini wa Vishnu) wa Kitamil huziimba beti hizi katika ndoa zao hadi leo.

Kisa cha Andal kuungana na Vishnu katika hekalu la Srirangam kinatoka katika masimulizi ya maisha yake yaliyoandikwa baadaye, wala hakimo katika shairi. Vilevile usilichanganye na Sita Kalyana Vaibhogame, wimbo wa Tyagaraja (1767–1847) unaosikika sana harusini, kwa kuwa huo unashangilia ndoa ya Rama na Sita.